Kabla ya Kusema "Ni Mkono wa Mtu"

Katika nyumba nyingi za pwani yetu ya kusini, mtu akifa ghafla maswali huwa mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti: "Marehemu alikuwa anaumwa nini?" La pili huulizwa kwa kunong'ona, jikoni au chini ya mwembe, wanaume wakiwa wamekwenda kuchimba kaburi: "Nani kamfanyizia?" Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hapa Mikindani tumeyazoea yote mawili, na twajua ya kuwa lile la pili ndilo linalovunja nyumba. Jibu lake likishatoka, bibi wa watu haamkiwi tena na wajukuu, chakula chake hakiliwi shughulini, na akipita njiani watoto wanavutwa ndani. Katika sehemu nyingine za nchi yetu amefikia hata kukatwa mapanga.

Mwezi huu tungependa kuzungumza na akina mama wenzetu juu ya jambo ambalo kwanza litaonekana la kupoteza wakati, nalo ni hadithi za upelelezi, hasa zile ambazo uchawi umo ndani yake. Wazazi wengi huwanyang'anya watoto vitabu hivi wakisema vinafundisha mauaji. Vingine kweli vina mambo yasiyofaa, na mzazi yafaa avisome kwanza. Lakini vilivyo vizuri vinafundisha kitu ambacho familia zetu zinakihitaji sana siku ya msiba, yaani kuliuliza lile swali la kwanza mpaka mwisho kabla ya kulikimbilia la pili.

BWANA AFYA ALIYEKUWA MTUNZI

Baba wa hadithi za upelelezi katika Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 hakuanza na kalamu, bali aliajiriwa katika idara ya afya akawa mkaguzi, kazi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Bwana Afya. Miaka kumi baadaye ndipo alipoingia katika kazi ya magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 hadi 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, nayo ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Vikafuata vingine, kama Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974. Mzee Abdulla alifariki mwaka 1991, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, bado anavuta kiko chake katika vitabu hivyo.

Katika kitabu kile cha kwanza, tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu huenda kwa hofu. Kwa wengi kesi imekwisha palepale, kwani nani tena atatafutwa ikiwa aliyeua ni mzimu? Bwana Msa, akiwa na rafiki yake Najum na Spekta Seif wa polisi, hakubali kuishia hapo. Anataka kujua marehemu alionekana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, na ni nani anayefaidika na kifo chake. Mwishowe inadhihirika ya kuwa kazi ile ilifanywa na binadamu mwenye damu na nyama, na ile hofu ya mzimu ilikuwa pazia zuri la kujifichia.

Hata jina la kitabu cha pili lina mafunzo. Aliyelelewa na ngano za Unguja na Pemba anajua ya kuwa Giningi ni mji wa wachawi. Mtunzi alichukua jina linalotisha kuliko yote, akalitia katika hadithi ya mtu anayetumia akili.

Si ajabu kwamba mtunzi huyu alipitia idara ya afya. Mkaguzi wa afya akisikia nyumba tatu za mtaa mmoja zinaharisha, haulizi nani ana wivu na mtaa ule, bali huuliza wanateka maji wapi. Hata yule mpelelezi maarufu wa Uingereza, Sherlock Holmes, aliundwa na daktari, Arthur Conan Doyle. Mfano wake alikuwa mwalimu wake wa udaktari mjini Edinburgh, Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo akamwambia kazi anayofanya kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo upelelezi na uuguzi ni ndugu wa tumbo moja.

JE, KAMA UCHAWI UNGEFANYA KAZI?

Hapa msomaji mmoja atatuuliza: "Sista, Bwana Msa ni rahisi kumsifu kwa kuwa katika hadithi yake uchawi haukuwako. Lakini sisi twajua uchawi upo. Je?"

Swali ni la haki, nasi hatutabishana na mtu juu ya yale aliyoyasikia kwa bibi yake. Hebu tufanye kinyume. Tuchukue hadithi ambayo ndani yake uchawi upo kweli, unafanya kazi kila siku kama umeme, na hakuna anayeutilia shaka. Katika nchi kama hiyo, mtu akifa ghafla ingefaa kumshika jirani?

Kuna hadithi za namna hiyo, na huwa zinaanza kwa kugeuza historia. Sisi watu wa kusini twaweza kuelewa upesi. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na vita ya Majimaji iliendelea mpaka 1907, ikifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Sasa fikiria mtunzi anayeuliza: ingekuwaje kama maji yale yangefanya kazi? Nchi yetu leo ingekuwa na mipaka gani, shule gani, mahakama gani? Hiyo ndiyo historia iliyogeuzwa.

Mmarekani mmoja, Randall Garrett, aliyeishi kati ya 1927 na 1987, alifanya hivyo kwa historia ya Ulaya. Katika historia ya kweli, mfalme Richard wa Uingereza alikufa mwaka 1199 kwa jeraha la mshale huko Ufaransa. Katika hadithi za Garrett anapona, na ukoo wake unatawala Uingereza na Ufaransa kama dola moja mpaka karne ya 20. Katika dunia hiyo wataalamu waligundua kanuni za uchawi, ukawa elimu inayosomewa miaka mingi. Mwenye kipawa hupata leseni kutoka kwa Kanisa, na kuutumia uchawi kwa nia ya kudhuru ni kosa la jinai. Mpelelezi ni Lord Darcy, na msaidizi wake ni mchawi mwenye leseni, Master Sean O Lochlainn. Hadithi ya kwanza ilitoka katika gazeti la Analog mwaka 1964, na ile ndefu kuliko zote, Too Many Magicians, ikatoka kitabu mwaka 1967.

Katika kitabu hicho wachawi wamekusanyika London kwa mkutano wao mkuu. Mmoja wao anauawa katika chumba chake cha hoteli, mlango ukiwa umefungwa. Hoteli ile imejaa wachawi, na yule anayekamatwa kwanza ni Master Sean mwenyewe.

Akina mama, angalieni jambo hili. Katika mji uliojaa wachawi wa kweli, wenye vyeti ukutani, Lord Darcy hasemi, "Basi ni uchawi, na huyu ni mchawi, mfungeni." Anafanya vilevile kama Bwana Msa. Anatazama mlango, anapima muda, anawahoji watu mmoja mmoja, anatafuta sababu. Naye Master Sean, anapotumia ufundi wake katika kesi, huutumia kama sisi tunavyotumia darubini ya maabara: kupima kitu kilichopo, kisha kueleza amekipimaje. Kujua ya kuwa uchawi upo hakujampunguzia mpelelezi hata swali moja. Kumemwongezea tu idadi ya mambo ya kuchunguza.

MGANGA KAMA MPELELEZI

Wengine watasema hata sisi tuna wapelelezi wa namna hiyo, waganga wenye kufichua. Ni kweli, na fasihi yetu imewaimba. Mwaka 1968 ulichapishwa utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Peter Lienhardt. Unasimulia habari za mauaji na sifa za mganga Nguvumali aliyewafichua waovu. Kwa namna yake ni hadithi ya upelelezi ya pwani yetu, na tunaelewa kwa nini watu waliipenda. Mtu akifiwa, kisha vyombo vya sheria vikachelewa au vikashindwa, moyo hutafuta yeyote atakayetoa jibu.

Lakini iko tofauti kubwa. Jibu la Bwana Msa, au la Lord Darcy, linaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Ukisema, "Alikuwa Lindi siku ile," twaweza kwenda Lindi kuuliza. Jibu la ramli haliwezi kukaguliwa. Mpiga ramli akisema, "Ni mwanamke mzee wa upande wa mawio, anayekula nawe," hakuna mahali pa kwenda kuhakikisha, na yule mama hana namna ya kujitetea. Akikataa, ni mchawi mwongo. Akilia, ni mchawi anayejuta. Torati yenyewe ilikataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja, na huyu mpiga ramli hata shahidi si, kwani hakuwapo.

Madhara yake tumeyaona. Huko Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka mwezi wa Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, nayo humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo.

KESI YA SIMBA WA KUSINI

Tusiende mbali. Kesi kubwa ya upelelezi imetokea hapahapa kwetu, nayo si ya kutungwa.

Wasomaji wa Mtwara na Lindi watakumbuka ile miaka ambayo simba walikuwa wanakula watu. Kila mwaka watu walichukuliwa shambani, njiani, hata uani wakienda chooni usiku. Wengi walisema hawa si simba wa porini, ni simba wa watu, waliotengenezwa na kutumwa. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe huko Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 maneno hayo yalizaa maafa juu ya maafa. Simba waliua watu, kisha watu wakawaua jirani zao waliowatuhumu kuwa ndio wenye simba.

Watafiti wanne, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walifanya kazi ya Bwana Msa. Walikusanya taarifa za wilaya moja moja, wakaandika nani alichukuliwa, wapi, mwezi gani, akiwa anafanya nini. Waliyoyapata yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature. Tangu mwaka 1990, Watanzania zaidi ya 563 walikuwa wameuawa na simba, na wengi wa waathirika walikuwa wa pwani ya kusini. Mashambulizi yalizidi mwezi wa Machi hadi Mei, wakati wa kuvuna. Nyayo zikawapeleka kwa mnyama ambaye hakuna aliyemshuku, nguruwe mwitu. Mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamekwisha, simba humfuata nguruwe. Nguruwe hufuata mahindi, mpunga na muhogo. Naye mkulima, ili mazao yake yasiliwe, hulala shambani kwenye dungu. Wote watatu wanakutana mahali pamoja usiku mmoja.

Huko Rufiji, simba mmoja aliyeua watu wasiopungua 35 katika miezi 20 alipigwa risasi mwezi wa Aprili 2004. Walipomtazama kinywani walikuta gego limepasuka na chini yake jipu kubwa. Sisi wauguzi tuliposikia habari hiyo tulitikisa kichwa. Anayeumwa jino namna ile atashindwa kupambana na nyati, atatafuta nyama laini.

Tazama sasa manufaa ya jibu linalokaguliwa. Anayeamini ni simba wa kutumwa atamtafuta bibi wa jirani, na bibi akishauawa simba ataendelea kula watu. Anayejua habari ya nguruwe atajenga dungu imara lililoinuka, hatatembea usiku peke yake, na atashirikiana na wenzake kuwafukuza nguruwe.

Wala hatusemi ya kuwa mtu hahusiki kamwe. Huko Singida, miaka ya 1946 na 1947, watu wengi walikufa kwa majeraha yaliyofanana na ya simba, na uchunguzi ukawafikisha binadamu mahakamani. Upelelezi wa kweli haujui jibu kabla ya kuuliza.

MAMBO TUNAYOYAONA WODINI

Katika kazi yetu wauaji wakubwa wana majina, na baadhi ya majina hayo yamebeba hukumu ya zamani. Degedege imeitwa kwa jina la ndege aliyedhaniwa kumpitia mtoto. Pepopunda ina pepo ndani ya jina lake. Mama akipata kifafa cha mimba, kuna watakaosema ni mashetani yamempanda.

Mtoto mwenye degedege mara nyingi ana homa kali, na kwa pwani yetu malaria ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kipimo ni tone la damu na dakika chache. Mtoto mchanga anayekataa ziwa siku ya tano au ya saba, kisha akakakamaa, huenda alikatwa kitovu kwa wembe mchafu na mama yake hakuwa amechanjwa. Zamani mama aliweza kuzika watoto wawili watatu namna hiyo, na mkwewe ndiye aliyebebeshwa lawama. Mama mjamzito aliyepita miezi mitano, anayelalamika kichwa, macho kuona ukungu na uso kuvimba, apelekwe kituoni upesi apimwe presha na mkojo. Akianza kutupwa na kifafa, dawa ipo, nayo inafanya kazi ikiwahi.

Na yale macho mekundu? Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani? Moshi ule ndio uliowapikia wanawe wote. Ni uchungu mkubwa kwamba alama ya kazi yake ya umama igeuzwe ushahidi wa kumwua.

Mama akifa kwa uzazi hospitalini, utaratibu wa nchi yetu ni kukaa kikao na kukipitia kifo hicho. Huulizwa alianza kuumwa saa ngapi, nani aliamua aende hospitali, usafiri ulichukua muda gani, damu ilikuwapo au la. Lengo ni kuzuia kifo kinachofuata, si kumpata mtu wa kulaumiwa. Twaona kikao kama hicho chafaa hata nyumbani.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Siku ya msiba, maneno yakianza kuelekea kwa mtu, mama mwenye busara na aulize kwa upole:

1. Ugonjwa ulianza lini hasa, na dalili ya kwanza ilikuwa nini?
2. Marehemu alikula nini, alikunywa maji ya wapi, alitumia dawa gani, za dukani na za miti shamba?
3. Kuna mwingine nyumbani au mtaani mwenye dalili kama hizo?
4. Alipimwa? Karatasi ya hospitali iko wapi, na nani atatusomea?
5. Huyu anayemtaja jirani, alikuwapo? Aliona nini kwa macho yake? Atapata nini jirani akihama au akifa: shamba, mikorosho, nyumba?
6. Kama kweli kuna dalili za sumu au mapigo, mbona hatujaenda polisi?

Swali la tano ndilo Bwana Msa asingeliacha. Mara nyingi tuhuma hutoka pale penye ugomvi wa urithi, na mjane ndiye anayekuwa wa kwanza kutajwa. Msimwache peke yake. Nendeni mkakae naye, mle chakula chake mbele za watu, na mmtaarifu mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mapema, kabla vijana hawajakusanyika.

Kwa watoto, mkipata nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, isomeni pamoja jioni, sura moja moja. Kabla ya kufungua sura inayofuata, muulize kila mtoto anamshuku nani. Akitaja jina, mwulize: "Umejuaje?" Akikosa la kusema, mwambie asubiri sura ya kesho.